Miguu ya Mdiria

Dimitri Beya alitaka tawi lisafishwe, basi. Alisema hivyo Alhamisi asubuhi akiwa amesimama mlangoni mwa studio, miwani ya jua juu ya paji la uso, kama mtu anayeomba kijiko cha sukari kwa jirani. Picha yake ilikuwa ya maonyesho ya Jumamosi katika ukumbi wa parokia. Itakayoshinda ingewekwa kwenye kalenda ya mwaka ujao, ining'inie katika ofisi na maduka ya Kolwezi nzima.

"Yaya Glodie, iko ka uchafu kadogo chini ya miguu," alisema, akimwita yaya kama dada yake mkubwa. "Utatosha tu, ufute, sawa vile unatoshaka bipele ku sura ya bibi-arusi."

Glodie Ntumba hakuona ajabu yoyote. Miaka kumi na minane alikuwa ameketi katika studio hiyo ya mtaa wa Manika, akipiga picha za vitambulisho, akichapa mabango ya harusi na ya misiba, akifuta vipele, makovu na jasho. Tena Dimitri si mteja wa kurudisha. Yeye ndiye mpiga picha wa harusi anayejulikana kuliko wote mjini, na zaidi ya nusu ya kazi za kuchapa zilipitia mikononi mwake. Glodie akachukua flash aliyoileta, akamwambia arudi kesho, akafungua picha.

Ilikuwa picha nzuri, na hilo ndilo lililomuuma baadaye. Mdiria, yule ndege mdogo wa buluu mwenye kifua cha rangi ya machungwa na mdomo mwekundu mrefu, alikuwa juu ya tawi kavu, mabawa yote mawili wazi, kichwa kimeinuliwa, kishungi kimesimama. Nyuma yake maji yanameta. Dimitri alikuwa ameipa jina: "Furaha ya Lualaba." Ukiitazama kwa mbali ungesema ndege anacheza ngoma.

Glodie akavuta picha karibu, akashuka hadi kwenye tawi. Pale chini ya miguu palikuwa na kitu kinachong'aa, cha rangi ya kahawia, kimevutika nyuzi nyuzi. Vidole vya ndege vilikuwa vimezama ndani yake. Unyoya mmoja wa buluu ulikuwa umenasa pembeni.

Ulimbo. Wala hakuhitaji kufikiri. Alizaliwa Kasaji, mji wa reli huko magharibi, na hakuna mtoto wa Kasaji asiyejua kuchemsha utomvu wa mti mpaka uwe mzito, akaupaka kwenye kijiti, akajificha. Ndege akitua, miguu inanasa. Ndipo anapofungua mabawa yote mawili, anainua kichwa, anavuta. Hachezi ngoma yoyote. Anavuta mpaka anachoka, na mtoto anakuja kumchukua.

Naye Dimitri aliuita uchafu. Ndege amegandishwa miguu ili asimame sawasawa mbele ya lenzi, halafu gundi yenyewe inaitwa uchafu, na Glodie Ntumba ndiye wa kuufuta. Damu ilimchemka hadi masikioni. Akasukuma kiti nyuma, akasimama katikati ya studio yake, asijue la kufanya na mikono yake.

Jambo jingine lilimchoma zaidi. Tawi lile alilijua, na ni yeye aliyemwonyesha Dimitri.

Kila Jumapili baada ya misa ya kwanza, Glodie alichukua kamera yake ya zamani akaenda kwenye kijito kimoja kinachoteremkia Lualaba. Wadiria wawili walikuwa wamechimba shimo la kiota katika ukingo wa udongo, na kila mmoja, kabla ya kuingia na samaki, alitua kwanza juu ya tawi lile lile. Mwezi wa nane Dimitri alimbembeleza wiki tatu: yaya, nipeleke, yaya, nimechoka na harusi. Akampeleka. Akampa masharti yote kwa sauti ya mwalimu: ukae nyuma ya matete, usivuke lile jiwe jeupe, usikate hata jani, usimwite ndege kwa sauti ya simu, na akisita kuingia shimoni, wewe ndiye uliyemzuia, ondoka. Dimitri aliitikia kila sharti kwa kichwa, kama mtoto wa komunyo.

Glodie akafunga studio mchana huo huo, akapanda pikipiki.

Kijitoni alimkuta Tata Kalombo, mzee wa wachimbaji wa mikono, wale tunaowaita creuseurs, akiosha mawe yake na wenzake upande wa chini. Hao ndio watu ambao mji mzima huwanyooshea kidole: wameharibu hiki, wamechafua kile. Na hao ndio waliokubaliana, bila karatasi wala mkutano, kwamba ukingo wa wadiria hauguswi na jembe. Walimwita ndege yule creuseur mdogo, kwa kuwa naye hutoboa udongo ili alishe watoto wake. Mwaka mzima walikuwa wakizungukia mbali na mawe mabegani.

"Karibu, mama," alisema Tata Kalombo, akajifuta mikono. "Nilijua utakuya."

"Dimitri alifika hapa?"

"Siku ya kwanza, hii Jumatatu. Mapema, mbele yetu. Siye tulifika, ndege amekwisha kunasa, yeye anapiga picha tu. Kisha alimusafisha miguu na essence ya pikipiki, na mabawa, yote. Akamutupa mu hewa. Ndege akaanguka mu mayi sawa jiwe." Akaonyesha viganja vyake. "Nilimutosha mu mayi na mikono. Alikuwa ananuka essence. Hakufika mangaribi."

Alimwonyesha pale alipomfukia, kando ya jiwe jeupe, udongo umeshindiliwa vizuri. Glodie alitazama pale. Petroli inaondoa mafuta ya manyoya, na mdiria asiye na mafuta hawezi kupiga mbizi. Dimitri alimwosha ndege hadi kifo, kisha akaenda nyumbani kuchagua picha.

"Na batoto?"

"Bako banalia mu shimo. Ule mwingine analeta samaki peke yake, toka asubuhi mpaka jua kushuka. Labda atafika nabo." Tata Kalombo akashusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu karibu. "Lakini mama, Dimitri alituma picha mu matelefone. Bapiga picha batatu bamekwisha kuniuliza iyi fasi iko wapi. Kama banakuya kukala hapa, ule mwingine hataingia mu shimo. Batoto batakufa mu siku mbili."

Jambo lilikuwa hilo, wala halikuwa gumu kulielewa. Picha ikitundikwa safi, tawi limefutwa, watu wakapiga makofi, basi kila mwenye kamera Kolwezi atataka mdiria wake mwenye mabawa wazi. Watashuka hapa na kopo la ulimbo. Na vifaranga vile vilibaki na mzazi mmoja tu.

Alimpigia Dimitri simu akiwa bado amesimama kando ya lile kaburi dogo.

"Nimeona bulimbo," alisema.

Upande wa pili palikuwa na muziki, kisha mlango ukafungwa. "Yaya, usikasirike. Ndege anatembea tembea, atasimama wakati gani? Na nilimuachilia."

"Alikufa."

"Bon. Pole. Lakini ni ndege, yaya. Weye mwenyewe uliniambiaka, ku Kasaji mulikuwa munabakula."

"Tulibakula, ndiyo. Tulikuwa na njala. Hakuna mutu alimuambia ndege acheke mbele ya kuingia mu chungu." Akalitazama kaburi. "Sikiya, Dimitri. Mi sitatosha kintu. Nitachapa picha sawa vile uliipiga. Unataka, unakuya kuikamata. Hautaki, peleka Lubumbashi."

Lubumbashi ilikuwa safari ya siku nzima, na maonyesho yalikuwa keshokutwa. Kisha Dimitri akacheka, kicheko cha mtu aliyezoea kupendwa.

"Chapa tu, yaya. Metre mbili, ile kubwa kabisa. Nani ataangalia miguu? Bantu banaangaliaka mabawa."

Ijumaa, studioni, Glodie akachapa. Hakuongeza rangi, hakupunguza, hakuvuta wala hakukata. Mashine ilitoa karatasi polepole, kwanza kishungi, kisha mdomo, kisha mabawa, na mwisho kabisa miguu, mikubwa kama mikono ya mtu, imezama katika ile gundi. Glodie akaiviringisha, akaifunga kwa kamba, akampa dereva wa Dimitri bila neno.

Jumamosi alasiri ukumbi wa parokia ulijaa. Walikuja walimu, makarani wa migodi na wake zao, masista, wafanyabiashara wenye vitambaa vipya. Picha zilikuwa kumi na mbili, lakini watu walikwenda moja kwa moja kwenye ile ya mita mbili iliyotundikwa katikati. Kwa mbali ilikuwa ya kupendeza kweli. Watu walisema "aaa", wakapiga makofi, na Dimitri, suti ya rangi ya maziwa, alipokea pongezi huku mkono mmoja kifuani. Glodie alisimama karibu na mlango. Alifikiri: basi, alisema kweli, hawaangalii miguu. Akajisikia mjinga, na hasira ikamrudia mara mbili.

Mkuu wa waamuzi alikuwa Mama Florentine, mwalimu mkuu mstaafu. Hakuwa mtu wa kupiga makofi haraka. Alivaa miwani yake, akaikaribia picha, akaisoma kutoka juu kwenda chini kama anavyosoma daftari la mwanafunzi. Alipofika kwenye tawi akainama, akakaa ameinama muda mrefu.

"Dimitri, mutoto yangu," alisema, bila kuinua sauti. "Hii bulimbo balipikia na nini?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu wa Kasaji, kama mpishi anayeuliza mpishi mwenzake. Lakini neno lilitembea ukumbini. Mzee mmoja wa Kisenge, mji wa huko huko magharibi, akasogea, akainama naye. Mkewe akainama. Kisha makarani, kisha masista wawili, na hata waliosimama nyuma wakaanza kusukumana waione miguu. Dimitri alizaliwa na kukulia mjini, hajawahi kula ndege wa kunaswa, na alikuwa amesahau kwamba karibu kila mtu mwenye suti ukumbini mle aliwahi kuwa mtoto mwenye kijiti kijijini kwao. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Waliinuka mmoja mmoja, wakayatazama tena yale mabawa, na sasa waliyaona yalivyo.

"Anavuta," alisema mke wa yule mzee. "Masikini. Anavuta kujitosha mu bulimbo."

"Ni utomvu wa muti tu, mama," Dimitri alisema. Kisha akageuka akanyoosha kidole kuelekea mlangoni. "Na hii ilipaswa kutoshwa. Nilimuambia Yaya Glodie asafishe. Yeye njo hakufanya kazi yake."

Ukumbi mzima uligeuka. Glodie alihisi uso unamwaka, wala haikuwa aibu.

"Njo vile, ni kweli," alisema. "Aliniambia nifute. Nikifuta gundi, ni nani atamufufua ndege? Alikufa siku ile ile. Mwenzake analisha batoto peke yake. Nilikatala kufuta, na nitakatala tena."

Mama Florentine alivua miwani, akaita vijana wawili, na picha ya mita mbili ikashushwa, ikageuzwa, ikawekwa ukutani uso ukitazama saruji. Dimitri aliondoka kabla ya vinywaji. Alipompita Glodie mlangoni alisema taratibu kwamba harusi zake zitapata mchapaji mwingine kuanzia Jumatatu. Glodie alimjibu kwamba alishajua hivyo tangu Alhamisi.

Angeweza kwenda nyumbani akiwa na moyo mweupe kama si kilichofuata. Walianza kumjia. Kwanza karani mmoja wa mgodi, mpole, kamera mpya shingoni: pole sana kwa ndege, yaya, ni ubaya kabisa, lakini ile fasi iko wapi? Mimi sitatumia bulimbo, nitakaa mbali. Kisha mfanyabiashara. Kisha sista mmoja, Mungu amsamehe, aliyetaka kupiga na simu tu. Wote walikuwa na huruma nyingi usoni, na wote walitaka tawi. Glodie aliwatazama akaona Dimitri watatu wakiitikia masharti kwa kichwa.

"Ni mbali," alimwambia wa kwanza. "Kule Kisenge, kupita Kasaji."

Alimwambia wa pili vile vile, na sista vile vile. Glodie alikuwa akifundisha katekisimu miaka sita na hakuwahi kudanganya hata kuhusu umri wake.

Wa mwisho alikuwa Mama Florentine, aliyemngojea nje chini ya jakaranda, kitenge begani.

"Na miye, mwanangu? Niko na bajukuu banapenda ndege. Iko wapi?"

Glodie alimheshimu kuliko mtu yeyote ukumbini mle.

"Kisenge, mama."

Mama Florentine, aliyewahi kufundisha Kisenge miaka tisa, alimtazama. Alijua vizuri kwamba kijito kama kile cha pichani hakiko huko.

"Kisenge," alisema. "Basi ni mbali sana kwa bajukuu." Akamshika mkono, akaubonyeza, akaenda zake.

Jumapili Glodie hakwenda kijitoni, asije akafuatwa na mwenye kamera. Alibaki studio, mashine zimezimwa, akimngoja Tata Kalombo apige simu. Ilipofika saa sita simu ikalia. Mdiria alikuwa ameingia shimoni mara saba tangu asubuhi, na hakuna mtu aliyefika.