Ijaza ya Vumbi

Bi Mwanamvua, jirani yangu, anaapa kwamba jana baada ya adhuhuri alinisikia nikizungumza usingizini na mzee mmoja, na mzee akinijibu. Ninachojua mimi ni kwamba niliota.

Niko nyuma ya pazia la chuo. Miaka sita nafagia hapo, huku nasikiliza Maalim Faraji akisomesha kitabu cha fikihi, sheria za ibada. Wanawake wa mtaani wananitaka niwasomeshe. Maalim huniuliza, "Ijaza kakupa nani, Miza?" Ijaza ni idhini ya mwalimu, bila yake sifungui mdomo.

Mara pazia linafunguka lenyewe. Chuo hakipo, ni ua wa msikiti wa Damaski. Amekaa Sheikh Burhani, mwanachuoni aliyekufa miaka mia saba iliyopita, kilemba kikubwa kama kapu. Kila kitabu alichohifadhi kimesimama nyuma yake, foleni mpaka mlimani, kikingoja kuulizwa.

"Nani anashuhudia kuwa huyu alisikia?" akauliza.

"Mimi," likasema pazia. "Miaka sita ananipumulia mgongoni."

"Shahidi wa pili?"

"Mimi," ukasema ufagio.

"Umewahi kusema uongo?"

"Sijawahi kusema kitu, Sheikh. Ndiyo kwanza leo."

Akaukubali. Akaanza kuandika kuwa Miza binti Vuai amekisikia kitabu chote. Kalamu ikagoma.

"Mlango wa tayamamu alisinzia," ikasema. "Na udenda ulimtoka."

"Ni kweli," nikasema. "Siku ile nilikuwa nimekesha na mama, anaumwa." Vitabu vyote vikanigeukia, mpaka vya kule mlimani.

Sheikh hakukasirika. "Na mimi nilisinzia mlango mmoja," akasema. "Nikatembea siku arubaini kwenda kuusikia upya."

Akachovya kalamu. Wino umekwisha. Basi kalamu ikatayamamu, kama afanyavyo mtu aliyekosa maji ya udhu: ikapiga vumbi mara mbili, ikaniandika viganjani, "Amesikia chote, isipokuwa mlango mmoja."

Nikaamka. Viganja vimejaa vumbi jeupe, laini kama unga. Udongo wa kwetu ni mwekundu.

Sikunawa. Nikaenda chuoni, nikakaa mahali pangu.

"Maalim, shikamoo. Nakuomba unisomee mlango wa tayamamu. Huo tu."

Upande wa pili, nikamsikia Maalim akifunua kurasa. Pazia, safari hii, halikusema kitu.