Jina la Baba Mkwe

Edna alikuwa na sauti ambayo Makuyuni nzima iliijua na hakuna aliyeishughulikia. Miaka nenda miaka rudi alisimama mstari wa nyuma wa kwaya, akiitikia nyimbo walizoanzisha wengine. Sasa mwanzishaji wao alikuwa ameolewa Dar es Salaam, na mwalimu wa kwaya, mtu asiyependa lawama, akautua mzigo kwa mwingine: wawili wangekwenda semina ya waimbaji Korogwe, na yule ambaye mwalimu wa huko angemwona anaweza kuongoza, ndiye atakayeanzisha nyimbo. Wakapelekwa Edna na Loyce. Edna aliitaka nafasi hiyo mpaka akaona haya kuisema.

Baba mkwe wake alitoa ruhusa shingo upande. "Nenda," alisema. "Ila urudi na adabu uliyoondoka nayo."

Semina ilifanyika kwenye ukumbi wa shule. Walikuwepo wanakwaya, wasichana wa kaswida kutoka Handeni mjini, na waimbaji wa ngoma wa Kang'ata na Kwedizinga. Mwalimu Ponsiano, mtu wa Songea, alianza kwa kuwanyang'anya wanakwaya karatasi zao za nota. Alisema hapa ni kuimba papo kwa papo, wimbo utoke kinywani haujawahi kuimbwa na mtu. Wanakwaya wakatazamana kama watu walioambiwa wavue viatu penye miiba. Wale wa ngoma wakacheka, maana wao tangu wazaliwe hawajaona wimbo ukikaa kwenye karatasi.

Zoezi lenyewe halikuwa na makuu. Walisimama duara, wote wakivumisha sauti moja ya chini. Mmoja anachukua jina la aliye kulia kwake, analivuta, analikata, analigeuza anavyopenda, na wengine wanaitikia anavyowaongoza. Loyce alipata jirani aitwaye Yusra. Alilipandisha jina hilo, akalishusha, akalizungusha, mpaka Yusra mwenyewe akajifunika uso kwa mtandio. Watu walipiga makofi. Edna naye alipiga, roho ikimuuma.

Zamu yake ikafika. Kulia kwake alisimama mwanamume mrefu wa Kang'ata, mwimbaji wa ngoma.

"Jina lako nani, kaka?"

"Mhina."

Mhina ndilo jina la baba mkwe wa Edna, na kwa watu wa kwao mke wa mtoto hamtaji baba mkwe kwa jina, awepo asiwepo. Tangu aolewe halijawahi kupita mdomoni mwake. Kliniki, muuguzi akiuliza jina la ukoo la mtoto, Edna humpa kadi ajisomee. Muuguzi mgeni humdhania hajui hata baba wa mtoto ni nani. Sokoni kuna Mhina muuza mahindi, na yeye humwita "yule wa mahindi" mwaka wa ngapi sasa.

Sauti za chini ziliendelea kuvuma, zikimsubiri. Alifungua kinywa, akakifunga.

"Usiogope kukosea," Ponsiano alimwambia. "Ni jina tu. Litaje kwanza, halafu uliimbe."

"Siwezi, mwalimu."

Angeweza kueleza, na nusu ya ukumbi wangemwelewa. Lakini Edna ni mtu ambaye aibu humfunga mdomo kwanza, maneno mazuri yakaja baadaye akiwa ameshaketi. Ponsiano hakuwa mtu mbaya, alikuwa na watu wengi tu. Akampa zamu aliyefuata.

Wakati wa chakula Loyce alimfuata. "Shoga, si ungeimba tu? Mzee yuko Makuyuni huko, atakusikia?"

"Yeye hayupo, lakini mimi nipo. Leo nikilizoea hapa, kesho litanitoka mbele yake. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi."

"Haya. Dole lako limekukosesha nafasi," Loyce alisema, na hakusema kwa ubaya, ndiyo maana likachoma zaidi.

Edna aliacha wali nusu sahani, akamfuata Ponsiano. "Mwalimu, naomba nirudie. Na yule kaka asimame palepale."

"Utalitaja?"

"Nitaimba."

Duara likasimama tena, sauti za chini zikavuma. Edna akaanza taratibu:

*"Mwenye uwanja niufagiao, nani?"*

Akanyamaza, akamnyooshea mkono yule kaka. Watu walidhani amekwama tena. Akaingia tena, juu kidogo:

*"Akikohoa mbuzi wanasimama, nani?"*

Mwaija wa Kwedizinga, mama mwenye wakwe zake, ndiye aliyeng'amua. "Mhina!" akaitikia kwa nguvu.

*"Aliyenipa jembe la kwanza, nani?"*

"Mhina!" wakaitikia nusu ya duara, kisha duara zima. Edna akaona amewapata. Akaanza kuwachezea: mara analichelewesha swali, mara analiwahisha, wao wakimkimbilia nyuma na jina lao. Yule kaka akawa anajibu "Naam!" kila akiitwa, na ukumbi ukacheka huku ukiimba. Edna alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga.

"Nilikuambia uimbe jina," Ponsiano alisema mwishoni.

"Limeimbwa, mwalimu."

Ponsiano akacheka, akampigia simu mwalimu wa kwaya, akamtaja Edna. Loyce alinuna njia nzima ya kurudi.

Video iliyopigwa kwa simu ukumbini ilimtangulia Edna kufika nyumbani. Mchana wa siku iliyofuata, alipompelekea mzee ugali na kupiga goti kumwamkia, mzee hakunawa.

"Nimeonyeshwa simu. Watu wazima, ukumbi mzima, wanapiga kelele jina langu."

"Ni jina la kaka mmoja wa Kang'ata, baba."

"Na mbuzi wanaosimama nikikohoa, nao ni wa Kang'ata?"

Edna alijua neno moja la mzee huyu lingetosha, na kesho angerudi mstari wa nyuma.

"Wewe ulilitaja?"

"Sikulitaja, baba."

"Najua. Nimeirudia kuisikiliza nikitafuta kosa, sikuliona." Akaisogeza sahani pembeni. "Imba."

Edna aliinamisha macho, akaimba. Alipofika pa kunyamaza, akanyamaza. Uani hapakuwa na mtu mwingine. Mzee alingoja mtu aitikie, akangoja, na Edna naye akangoja, midomo imefungwa. Ndipo mzee alipokohoa, akatoa sauti mbovu isiyoshika nota hata moja: "Mhina."

Edna akaingia ubeti wa pili, juu kidogo, na mzee akamfuata.