Siku Sajini Liburd Alipopanda Brimstone Hill

Baba yangu, Desmond Caines, alikuwa dereva wa treni ya miwa, na hadharani alijivunia vitu viwili tu: treni hiyo na ngome ya Brimstone Hill. Treni aliiendesha. Ngome hakuijenga, wala hakuwahi kuajiriwa pale hata kufagia, ila kwetu ni Sandy Point, kisiwani Saint Kitts, chini ya kilima chenyewe, na kila asubuhi ukifungua dirisha la jikoni unaiona kule juu, nyeusi, imekaa kana kwamba ilitangulia kuwapo ndipo kisiwa kikaletwa. Kwa hiyo aliihesabu kuwa yake. Wageni wote waliofika nyumbani walipandishwa huko kabla hawajapewa chakula.

Nilipomwambia kwamba nimechumbiwa na kijana wa Nevis, kisiwa cha jirani, aliniuliza kama vijana wa Saint Kitts wamekwisha.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka wa tisini na tisa. Agosti iliyotangulia watu wa Nevis walikuwa wamepiga kura ya kujitenga nasi. Visiwa vyetu viwili ni nchi moja, na kati yake upo mkondo wa bahari ambao mtu mwenye pumzi nzuri anauogelea, lakini wengi wao walisema wamechoka, wanataka kwenda zao. Walikosa kidogo tu kufikia theluthi mbili zilizotakiwa na sheria. Basi tukabaki pamoja kama mume na mke waliopatanishwa na mchungaji lakini wakirudi nyumbani hawasemezani. Baba aliipokea kura ile kama tusi alilotukanwa yeye mwenyewe. Na baba yake mchumba wangu Denrick, Sajini mstaafu wa polisi Ephraim Liburd, alikuwa amepiga kura ya kuondoka, wala hakuficha.

Akina Liburd walikuja Jumapili moja kuzungumzia arusi. Mama alikuwa ameshapika mchuzi wa mbuzi na shelisheli tangu alfajiri. Sajini aliteremka kwenye gari akiwa amevaa koti zito na kofia ya kahawia, mrefu, amenyooka, akaitazama nyumba yetu kuanzia bati hadi msingi kama mtu aliyekuja kupekua. Mkewe, Bi Eulene, alikuwa mwanamke wa maneno machache na macho ya kucheka. Walisalimiana kwa adabu zote. Adabu hizo zilidumu mpaka bilauri za kwanza za tangawizi zilipoisha.

Ugomvi ulianza kwenye swali la kanisa. Baba alisema binti huolewa kwao, hilo halina mjadala. Sajini akasema kila Liburd anayemjua yeye amefunga ndoa Gingerland, kanisa la Kimethodisti, tangu babu wa babu yake, na haoni kwa nini mtoto wake awe wa kwanza kuvuka bahari. Baba akauliza, kwa sauti ya upole iliyonitisha, kama huko Gingerland siku hizi watu wa Saint Kitts wanaingia kwa pasipoti. Sajini akaweka bilauri chini. Denrick alinitazama, nami nikamtazama mama.

Mama akasema mchuzi bado haujaiva, na kwamba mgeni hawezi kuondoka Sandy Point bila kupanda kilimani. Mchuzi ulikuwa umeiva kitambo. Lakini baba aliposikia neno kilima alisahau hasira, akaenda kutafuta ufunguo wa gari.

Tulikwenda wanne: baba na Sajini mbele, mimi na Denrick nyuma, sehemu ya mizigo ya pikapu. Barabara ya kupanda ni nyembamba na ina kona kali, na baba alipiga honi kila kona. Kioo cha nyuma kilikuwa wazi, tukawasikia. Sajini alikuwa akisema kwamba hata Nevis wanajua historia ya mahali hapa. Wanajua, kwa mfano, kwamba Wafaransa walipokuja kuizingira ngome hii, mizinga iliyokuwa iletwe kuilinda ilikuwa bado imelala chini ya kilima, kwa sababu wenye mashamba walikataa kutoa watu wa kuipandisha. Wafaransa wakaiokota na kuwapigia wenyewe.

“Ndiyo ulinzi wenu huo,” alisema Sajini. “Mnamwekea adui silaha mlangoni.”

“Sisi angalau tulizingirwa mwezi mzima,” baba akajibu. “Ninyi Nevis mlipigana siku ngapi, Sajini? Nikumbushe.”

Sajini hakumkumbusha, kwa maana Nevis ilisalimu amri kwa Wafaransa hao hao bila kufyatua hata risasi moja. Denrick aliinamisha kichwa magotini. Nilidhani analia, kumbe anacheka.

Huko juu hapakuwa na watu wengi. Upepo ulikuwa unavuma kutoka baharini, na tumbili walikuwa wamekaa juu ya ukuta wakijikuna kama wazee wa baraza. Mmoja alishuka, akamzunguka Sajini kwa heshima, kisha akatia mkono kwenye mfuko wa koti lake na kutoka na kashata ya nazi aliyofungiwa na mama. Sajini alisimama na mikono hewani. Nadhani katika miaka yake yote ya upolisi hakuwahi kuibiwa mchana kweupe namna ile.

“Mkamate basi, Sajini,” alisema baba.

“Huyo namwachia. Huyo ni raia wenu,” alisema Sajini, na kwa mara ya kwanza niliona meno yake.

Ila ngome yenyewe bado ilikuwa juu yetu. Ukitaka kufika kwenye buruji kuu ni lazima upande ngazi za mawe, na ngazi zile zilijengwa na watu ambao hawakufikiria magoti ya wazee. Sajini alianza kwa mwendo wa gwaride. Katikati mwendo ule ulivunjika. Nilimwona akishika ukuta, mabega yakipanda na kushuka, uso umebadilika rangi. Nikajua sasa baba atapata alichokuwa akikitafuta tangu asubuhi, na nikajiandaa kuona aibu.

Baba alikuwa hatua chache mbele. Aligeuka, akamwona. Kisha akaketi pale pale kwenye ngazi, akavua kiatu kimoja, akakikung’uta kana kwamba kina kijiwe, akakivaa, akafungua kamba, akaifunga tena polepole. Hakukuwa na kijiwe chochote. Akaanza kusimulia habari za kilima kwa sauti ya kawaida bila kumtazama mtu, mpaka Sajini akarudiwa na pumzi, na wakaendelea kupanda pamoja.

Hapo juu hata mimi niliyekulia chini yake huwa ninasimama nikitazama. Unaona mashamba ya miwa yakiteremka hadi baharini, visiwa vya Statia na Saba vikiwa mbele, na siku ikiwa safi, ukigeukia upande wa pili, unaiona Nevis na wingu lake kichwani. Siku ile ilikuwa safi. Sajini aliitafuta kwanza Nevis, kama mtu anayetafuta nyumba yake kwenye picha, akaipata. Halafu akageukia ukuta.

Kuta zile ni za mawe meusi ya volkeno, yamechongwa na kupangwa hivi kwamba kisu hakipenyi baina yake. Matetemeko yamepita, vimbunga vimepita, kile cha Septemba kiling’oa mapaa ya nusu ya Sandy Point na mengine yalikuwa bado yamefunikwa maturubai, lakini huko juu ukuta haukutikisika. Baba hakujitapa tena. Alimweleza Sajini kwamba chokaa ilichomwa papa hapa, kwenye tanuri chini ya kilima, na kwamba mawe yalipandishwa kwa vichwa na mabega ya watumwa, kizazi baada ya kizazi, kwa takriban miaka mia moja. Mtu alizaliwa wakati ukuta unajengwa, akabeba mawe maisha yake yote, akafa, na ukuta bado unajengwa.

“Na majina yao?” Sajini aliuliza.

“Majenerali wanajulikana,” alisema baba. “Wao, hapana.”

Sajini alivua kofia. Aliweka kiganja ukutani, akakiacha hapo, kisha akasogea na kukiweka kwenye jiwe jingine, na jingine, akitembea kando ya ukuta taratibu kama anayepita mstari wa watu akiwapa mkono. Upepo ulikuwa unampeperushia koti.

“Bwana Caines,” alisema aliporudi, “nimekuwa nikiiangalia ngome hii kutoka kwenye feri tangu ujana. Nilidhani ni ya Waingereza.”

“Waingereza walilala tu humu ndani,” alisema baba. “Waliojenga ni wazee wetu.”

“Wetu,” alisema Sajini.

Baba alimtazama. Nilijua alivyo, nilijua kwamba jibu la mzaha lilikuwa limeshafika mdomoni. Akaliacha. Akasema ni kweli, ni wetu, na kwamba mchuzi utakuwa unapoa.

Mezani walikula bila kugombana, ingawa swali la kanisa halikuguswa tena. Wakati wa kuagana Sajini alimwambia baba kwamba Nevis nayo ina ngome, Fort Charles, nje kidogo ya Charlestown, ila si ya kumwonyesha mtu aliyezoea kitu kama hiki. Baba akasema atakuja kuiona. Tuliporudi ndani mama alimwonya: “Desmond, ukaende na adabu zako.” Baba akaapa kwamba atakwenda nazo.

Hakwenda nazo zote. Ndani ya feri, majuma machache baadaye, alinitajia vichekesho alivyoviandaa. Alikuwa amesikia kwamba Fort Charles ni magofu, kwamba mbuzi ndio askari wa zamu, na kwamba mzinga wao mmoja unatumika kuanikia nguo. Nilimsihi asivitoe vyote siku moja.

Sajini alitupokea gatini akiwa na buti na shati kuukuu. Sikumtambua mara moja bila koti. Alitupeleka kwa miguu kwa njia ya vumbi iliyoishia baharini, na mbuzi kweli walikuwapo. Ngome ilikuwa kuta zilizobaki nusu, kisima cha maji ya mvua kilichokauka, na mizinga imelala kwenye nyasi ikiitazama bahari. Bahari ilikuwa karibu sana, mawimbi yakipiga mawe chini ya miguu yetu. Huko kwetu unaiangalia dunia kutoka juu. Hapa ulikuwa umesimama nayo sawasawa.

Baba alifungua mdomo kutoa kichekesho cha kwanza. Kisha akaona nyasi.

Pande zote palikuwa pori: miiba, miche ya mikwaju, mimea ya kutambaa iliyomeza kuta nzima. Lakini kuzunguka mizinga, na kando ya ukuta mmoja mrefu hadi kwenye kisima, ardhi ilikuwa safi, majani yamefyekwa chini kabisa, na mawe yaliyoanguka yamekusanywa na kupangwa. Baba akauliza serikali imeanza lini kutengeneza mahali hapa. Sajini akasema serikali haijaanza. Akatoa panga chini ya kichaka. Denrick ndiye aliyenieleza baadaye kwamba tangu alipostaafu, baba yake huja hapa kila Jumamosi asubuhi, peke yake, bila kuagizwa na mtu, na pori likiota anaanza tena.

“Mwaka jana nilikuwa nimefika kwenye ule ukuta wa pili,” Sajini alisema. “Kimbunga kikanirudisha nyuma.”

Baba alitembea kutoka mwanzo hadi mwisho wa ile sehemu iliyofyekwa. Aliinama, akaushika ukuta wa Nevis kwa mikono miwili, mikono yake mikubwa ya dereva, akachungulia mawe yalivyokutanishwa. Alikaa hapo kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

“Hawa walijua kazi,” alisema mwishowe. “Mkono ni ule ule, Sajini. Tazama hapa.” Na Sajini akainama naye kutazama.

Halafu baba akauliza kama pana panga la pili.

Mimi na Denrick tuliwaacha, tukaenda kumsaidia Bi Eulene jikoni. Waliporudi mchana walikuwa wamelowa jasho, baba ana malengelenge viganjani na shati limechanwa na miiba, nao walikuwa wanagombana tena. Kumbe baba alikuwa anasema arusi ifanyike Gingerland, kwa kuwa ukoo uliofunga ndoa mahali pamoja tangu babu wa babu hauwezi kukatishwa na yeye, na Sajini alikuwa anasema haiwezekani, binti huolewa kwao, yeye hakulelewa kupora watoto wa watu. Walipanda ngazi za baraza wakiwa katika hali hiyo, kila mmoja akimsukumia mwenzake ushindi.

“Waache,” Bi Eulene aliniambia, akigeuza samaki kwenye kikaango. “Amueni wenyewe, Ionie. Hawa wawili mkiwangoja mtazeeka.”

Tuliamua wenyewe. Tulifunga ndoa Juni, huko Gingerland, chini ya mvua iliyoanza wakati wa wimbo wa kwanza na kutulia wakati wa mwisho, na karamu ikafanyika Sandy Point. Feri ya alasiri ilijaa watu wa visiwa viwili na nguo zao za arusi, wakitaniana tangu gati hadi gati kuhusu nani anapika vizuri na nani anajua kucheza. Baba na Sajini walikaa kwenye benchi la nyuma. Mpaka leo sijui walizungumza nini, isipokuwa kwamba siasa ilikuwamo, maana nilimsikia Sajini akisema kura ikija tena atapiga vile vile, na baba akamjibu kwamba anajua, asogee kidogo, anamkalia koti.