Ukungu Nyuma ya Bibi Harusi

"Huyu hapa," mama alisema, akiweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, nyuma ya bega la bibi harusi. "Nitolee huu ukungu, mwanangu."

Mpiga picha aliinama. Bibi harusi, binti mkubwa wa mama huyo, alionekana wazi mpaka kope. Nyuma yake palikuwa na doa la njano lenye kichwa, limebeba sinia. Huyo ndiye binti mdogo, aliyezikwa wiki iliyopita. Simu yake ilijaa picha za watu wengine. Yeye mwenyewe hakupenda kupigwa picha.

Mpiga picha akaeleza taratibu. Siku ile ya harusi alilifungua sana tundu la lenzi, ili bibi harusi atokeze peke yake na vyote vya nyuma viyeyuke. Wateja walipenda hivyo, na yeye alijivunia. Angelibana tundu kidogo tu, mtu na ndugu yake wangetoka wazi wote.

"Kwa hiyo uliuweka wewe," mama alisema, bila ukali.

"Niliuweka mimi, mama."

"Basi utoe."

Mpiga picha alipekua picha zote za harusi. Kila alipotokea, binti yule alikuwa nyuma, akihudumia watu. Alipomvuta karibu, uso ukavunjika vijisanduku vya rangi. Mwishowe akaiachia kompyuta iubahatishe uso wenyewe. Akatokea msichana mzuri, macho makubwa, meno yamepangika.

Mama alimtazama kwa muda mrefu.

"Huyu mtoto wa watu," alisema.

Mpiga picha akamfuta. Akaomba radhi, na mama akamwambia maji yakimwagika hayazoleki, kwa sauti ya kumbembeleza, kana kwamba mfiwa ni mpiga picha. Mama aliomba tu achapiwe picha kama ilivyo, kubwa.

Ilitoka mashineni ingali na joto, mpiga picha akaibandika ukutani. Mama akarudi nyuma hatua moja, akakaza macho. Akarudi tena, kama anayetafuta mahali ambapo uso ungejikusanya, mpaka mgongo ukagota mlango. Mpiga picha alitaka kumwambia hakuna umbali wa namna hiyo.

"Nifungulie," mama alisema.

Akafungua. Mama akavuka kizingiti kinyumenyume, akashuka barabarani, macho hayajabanduka ukutani.