Jinsi Jenerali Ezéchiel Alivyotufundisha Kufaulu

Mama alitutuma chuoni mimi na mdogo wangu Eddy kwa sababu moja tu, na sababu hiyo haikuwa elimu. Wakati ule wanajeshi walikuwa wakiokota vijana wa kiume barabarani mjini Kisangani, lakini watu wa kwetu Yanonge waliamini kwamba mwanafunzi wa chuo haguswi. Anaonyesha kadi yake, anapita. Basi mama akauza mtumbwi wa marehemu baba, akatupakia kwenye boti la wafanyabiashara pamoja na samaki wakavu, akaniambia mbele ya watu wote ufukoni:

"Chimène, weye ndiye mukubwa. Nakupa Eddy. Atasoma ao hatasoma, ile haiko shida yangu. Basoda basimukamate. Umesikia?"

Nilisikia vizuri sana. Eddy alikuwa kijana mrefu mwenye diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, na utii uliopita kiasi. Ukimwambia asimame, anasimama mpaka umwambie aketi. Mtu wa namna hiyo, vitani, anahitaji dada mwenye macho manne.

Mji tuliukuta umegawanywa. Majeshi mawili ya wageni yaliyokuja pamoja kutukomboa yalikuwa yamekwisha kupigana mara moja katikati ya nyumba zetu, na kila mtu alijua yatapigana tena, tatizo lilikuwa kujua siku. Walipokuwa wakisubiri, walitukomboa kuku na mabati.

Chuo kilikuwa wazi. Namaanisha kilikuwa wazi kweli, kwa sababu milango ilikuwa imeng'olewa. Nusu ya maprofesa walikuwa Kinshasa, ng'ambo ya mstari wa vita, na hao waliobaki walikuwa wamesahau mshahara una rangi gani. Profesa Télesphore, ambaye ratiba ilisema atatufundisha logique, yaani mantiki, alikuwa akiendesha toleka, zile baiskeli za kubeba abiria. Siku ya kwanza alinibeba mimi mwenyewe kutoka sokoni, akanishusha mbele ya auditoire, ukumbi wetu wa mihadhara, akanitakia masomo mema, akageuza baiskeli kwenda kutafuta abiria mwingine.

Chuo kizima kilikuwa na mtu mmoja tu aliyefundisha kila siku bila kukosa. Huyo aliitwa Ezéchiel, na hakuwa profesa.

Kwetu mwanafunzi mpya anaitwa bleu, na wa zamani anaitwa poil. Bleu lazima abatizwe na mapoil. Wavulana wananyolewa upara, wote tunapakwa matope, tunatembezwa gwaride na kuimba nyimbo za kujitukana wenyewe. Usipobatizwa hupewi cours, yaani nakala za masomo, huna poil wa kukulea, na siku askari akija kuuliza kama unajulikana chuoni, wote watasema hawajawahi kukuona. Hilo la mwisho ndilo lililonifunga mdomo. Kadi ya mwanafunzi inaweza kuchanwa na askari asiyejua kusoma. Eddy alihitaji watu wa kusema, "Huyu ni wetu."

Mkuu wa ubatizo alikuwa Ezéchiel, na cheo chake kilikuwa Jenerali. Alikuwa mtu mwembamba mwenye bereti nyekundu na filimbi shingoni. Alituambia yuko mwaka wa mwisho kabisa, amebakiza kazi ya kumaliza masomo tu, ila profesa wake amekwama Kinshasa. Kila alasiri alitukusanya nyuma ya auditoire, tukapiga magoti, akaanza mhadhara wake wa kufaulu.

"Bleu iko nini?"

"Bleu iko bure, mon Général!"

"Nani anajua?"

"Mon Général anajua!"

"Bon. Sikieni muzuri. Kufaulu kwa chuo inaanza na kiti."

Na hapo, lazima nikiri, alikuwa na hoja. Madawati ya chuo yalikuwa yamegeuka kuni za kupikia maharagwe ya jeshi hili na baadaye ya jeshi lile. Kila mwanafunzi alikuja na kiti chake kutoka nyumbani, akarudi nacho jioni, kwa maana kiti kilicholala chuoni kiliamka jikoni kwa mtu. Ezéchiel alitufundisha kukibeba, kukikalia, kukinyima rafiki. Alitufundisha pia kupigia saluti ofisi ya uandikishaji, hata kama ndani hamna mtu, ili miguu izoee.

"Usiulize prof swali hata siku moja," alisema. "Ukiuliza, prof atatoka inje ya cours yake. Alors, kama anashindwa kurudi, nani atamuonyesha njia?"

"Mon Général!"

"Masasi ya bunduki ikianza kulia, lala chini, lala juu ya cours yako. Kama unakufa, batu bataona ulikufa ukisoma. Famille itafurahi."

Wenzangu waliandika. Nawaambia ukweli, waliandika! Watu wenye diploma, mmoja mtoto wa mwenye duka la jumla kutoka Butembo, mwingine mtoto wa katekista, wanaandika kwamba familia itafurahi. Nilitamani kumpiga mtu kwa kiti.

Lakini shauri alilolipenda kuliko yote lilikuwa hili: "Mwanafunzi anafaulu sababu anafanya kwanza, anafikiri nyuma. Kama wakati inabakia." Siku moja nilishindwa kuvumilia, nikamwita Ya, kama anavyoitwa kaka au dada mkubwa, nikamuuliza, "Ya Ezéchiel, masomo itaanza lini?" Kwa swali hilo nilirushwa kichura kuzunguka uwanja mzima nikilia kwaa, kwaa, kisha nikapigishwa magoti mbele ya mchikichi niutangazie mapenzi kwa Kifaransa. Hizo ndizo zilikuwa adhabu zake kubwa, chura na mapenzi. Mchikichi haukunijibu. Eddy, badala ya kunionea huruma, alinisahihisha Kifaransa njiani tukirudi.

Maana Eddy alikuwa amepata dini, na dini hiyo ilikuwa Ezéchiel. Alifanya mazoezi ya gwaride chumbani kwetu mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Ezéchiel akamfanya koplo wa mableu. Nilijisemea, haya, acha, wakimaliza kumbatiza atakuwa mwanafunzi kamili na mama atalala usingizi.

Sasa kuna jambo ambalo hakuna aliyelifikiria, hata mimi mwenye macho manne. Viti tulikuwa hatuviachi chini wakati wa gwaride, kwa kuogopa wezi. Ezéchiel alituagiza tuvibebe begani, miguu ikielekea mbele. Chukua vijana walionyolewa upara, wapange mistari iliyonyooka, wape kila mmoja mguu wa kiti begani, waimbe kwa sauti moja, kisha uwaangalie ukiwa barabara ya kwenda Bangboka, kwenye uwanja wa ndege, ndani ya lori la jeshi, na mvua imeacha ukungu.

Lori lilisimama. Askari waliruka, wakatuzunguka na bunduki. Walipoona kwamba tuna viti, waliona haya kidogo, na haya iliwaongezea hasira.

Kamanda wao alishuka polepole. Alikuwa mfupi, safi, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha redioni.

"Kiongozi wenu ni nani?"

Ezéchiel alikuwa amekwisha kuanza safari ya kwenda nyuma ya mchikichi. Lakini sisi tulikuwa tumefundishwa. Uwanja wote ukajibu kwa kifua:

"Mon Général Ezéchiel!"

"Jenerali?" Kamanda alitazama huku na huku. "Yuko wapi?"

"Ule pale!" alisema Eddy, akamwonyesha kwa kiti, kwa kuwa kazi ya koplo ilikuwa kumtambulisha mkuu kwa wageni.

"Mnapigana upande wa nani?"

"Upande ya mon Général!"

Nilimwona mama pale ufukoni, namwona na sasa ninapoandika. Kamanda alipita kati ya mistari, akitazama visigino, akitazama mabega. Nilipoona uso wake unabadilika nilidhani ni hasira. Kumbe alikuwa anapendezwa.

"Askari wangu mwenyewe hanyooshi mstari hivi," alisema. "Wasichana kaeni pembeni. Vijana wote wapande lori."

Na Eddy, Mungu wangu, Eddy aliweka kiti sawa begani akaanza kutembea kwenda kwenye lori. Hatua nzuri, kidevu juu. Nilikimbia nikamshika shati.

"Eddy, simama!"

Alisimama, mguu mmoja hewani, akamtazama Ezéchiel ili ajue amri ipi ndiyo halali. Askari mmoja alinisukuma nikakaa kwenye tope.

Ezéchiel alirudi mbele, filimbi ikimcheza kifuani. "Mon commandant," alisema, "hawa iko banafunzi."

"Wanasoma nini?"

Kamanda akawageukia mableu. "Tangu mmeanza chuo, mmesoma nini?"

"Kiti!" alijibu mtoto wa katekista.

"Mon commandant," alisema Ezéchiel tena, na sauti yake ilikuwa imeshuka, haikuwa ile ya alasiri. "Mimi haiko général. Haiko hata mwaka ya mwisho. Miye niko première année, mwaka ya kwanza. Niko première année tangu inchi iliitwa Zaïre. Sijafaulu kitu."

Tulimsikia sote. Nilimwona Eddy anapepesa macho. Kamanda hakushtuka hata kidogo.

"Majenerali wengi hawakumaliza shule," alisema. "Pakieni."

Wa kwanza walikuwa wamekwisha kupanda. Hapo Ezéchiel akatia filimbi mdomoni, akaipuliza kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

"Bleus! Grenouille!"

Walioko chini walichuchumaa, walioko lorini wakaruka chini wakachuchumaa. Wote wakaanza kurukaruka kwenye tope wakilia kwaa, kwaa, katikati ya bunduki. Askari walirudi nyuma.

"Bleus! Déclaration d'amour!"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Michikichi ilikuwa michache, mableu wengi. Aliyekosa mti alipiga magoti mbele ya chochote kilichokuwa karibu. Mtoto wa mwenye duka aliposa kiatu cha sajini. Mwingine aliapa kwa machozi kwamba hawezi kuishi bila debe la mafuta. Eddy wangu, ambaye hajawahi kufanya kitu nusunusu, alilikumbatia tairi la mbele la lori.

"Chérie," alisema, "tangu nilikuona sijalala. Ukubali, twende Yanonge. Mama atakupa samaki."

Askari mmoja alianza kucheka, kisha wote. Sajini alijaribu kuondoa kiatu chake akaanguka. Kamanda naye alishika ubavu, akafuta macho kwa kofia. Mimi nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, sikujua kipi ni kipi.

"Waacheni, waacheni hawa," alisema kamanda alipopata pumzi. "Hawafai. Nikiwapeleka mbele watamposa adui."

Askari walianza kurudi kwenye lori wakishikana mabega. Nilimshika Eddy mkono, na safari hii sikukusudia kuuachia. Lakini kamanda hakuondoka. Alikuwa ameacha kucheka. Alimwita Ezéchiel kwa kidole.

"Hawa vijana wana akili zao timamu?"

"Ndiyo, mon commandant. Bote bako na diplôme."

"Na umewaambia waruke kama vyura, wameruka. Hakuna aliyeuliza kwa nini."

"Hakuna, mon commandant. Bleu haiulizake."

"Basi panda wewe," alisema kamanda. "Watu wa kupiga risasi ninao tele. Mtu kama wewe ndiye nilikuwa namtafuta."

Nilingoja Ezéchiel aseme kitu, hata uongo, hata lile la profesa aliyekwama Kinshasa. Alitugeukia, akatutazama mmoja mmoja kama mtu anayetafuta wa kumwambia afanye nini, na hakuna aliyejua. Nilikuwa nimemchukia mtu huyo tangu siku ya kwanza. Pale nilimwonea huruma. Askari wawili walimshika kwapa, wakampandisha. Bereti yake ikaonekana juu ya ubao wa lori mpaka kwenye kona ya Bangboka, kisha haikuonekana.

Mableu walibaki kwenye tope wamepiga magoti mbele ya michikichi. Hakuna aliyekuwa amewaambia wainuke. Ilibidi nipite nikiwavuta mmoja baada ya mwingine, nikiwapigia kelele waende kwao, na walikwenda.

Eddy aliinuka wa mwisho. Alikiokota kiti chake, akakifuta matope kwa kiganja, akatazama barabara.

"Ya Chimène," alisema, "sasa nani atatufundisha?"

Nilikuwa na neno la kumjibu, neno kali, lilikuwa tayari ulimini. Nikatazama auditoire isiyo na milango, nikatazama barabarani kuona kama Profesa Télesphore anapita na baiskeli yake. Sikuona mtu.