Kamera Isiyotazama Uso

Katika nchi ya Mandaraba, iliyojilaza kati ya vilima saba vya mizinga ya nyuki na bonde moja lisilo na kitu, watu walikuwa wa aina mbili: wanaovaa kofia na wanaovua. Kofia ndefu kuliko zote, ya dhiraa mbili na vishada vya zari, ilikaa juu ya kichwa cha Mfunikwa Dandaro, mtawala wa tano wa jina hilo, ambaye tangu atawazwe hapakuwa na jicho lililowahi kumwona kichwa wazi, hata la mkewe, kwani sheria ilisema kwamba siku utosi wa mtawala utakapopigwa na upepo, nchi nzima itashikwa na mafua. Sisi tuliamini. Tulikuwa watu wa kuamini upesi, tena tulijisifu kwa hilo.

Nyumba yake ilizungukwa na kuta tatu, na ndani kabisa, nyuma ya jiko, kulikuwa na ghala lenye mtungi mmoja mkubwa. Kila msimu wa kurina, kila kaya ilimimina bakuli la asali mtungini humo, iwe akiba ya watoto kiangazi kikija. Mfunikwa aliapa hadharani kwamba hataonja hata tone mpaka mtoto wa mwisho ashibe. Alizidi kunenepa mwaka hadi mwaka, lakini wataalamu wa baraza walitueleza kwamba ule ulikuwa uvimbe wa huruma. Hilo nalo tuliliamini.

Mwaka mmoja asali ikaanza kupungua kabla ya kiangazi. Lawama ikamwangukia Bi Sikudhani, mpishi wa nyumba ile kwa miaka ishirini na mmoja, kwa sababu ndiye aliyekaa na ufunguo wa ghala. Ufunguo wa pili Mfunikwa aliuvaa shingoni, lakini huo haukuhesabiwa. Bi Sikudhani akapewa siku saba: mwizi asipopatikana, atashushwa bondeni, mahali ambapo watu hawarudi, watoto wake watatu wakiona. Ndipo nikaitwa mimi, Fundi Mbaruku, fundi pekee wa kamera katika Mandaraba.

Niseme ukweli kuhusu fundi huyo, maana namjua vizuri. Alikuwa na upara unaong'aa, mkoba wa bisibisi uliomzidi umri, na maneno mengi. Siku nzima nilizunguka nyumba nikipima kwa hatua na kukunja uso ili nionekane nafikiri. Nikafunga kamera kumi na mbili juu ya kuta, zote zikitazama nje, kwani kwa elimu yangu mwizi ni mtu atokaye nje. Mbili nilizielekeza mashariki, kwa hiyo kila asubuhi jua liliziingia zikaonyesha weupe mtupu. Moja ililinda mpapai, na kwa kweli mpapai ule haukuibwa. Nyingine ilitembelewa na buibui, nami nikaripoti kwamba jitu lenye miguu minane linapanda ukuta, wakatoka askari arobaini na mikuki yao. Walirudi wakinitazama vibaya.

Ikabaki ghala.

"Hii nitaifunga usawa wa uso, kando ya mlango," nilimwambia Mfunikwa mbele ya baraza. "Hapo mwizi tutamwona mpaka kope."

"Na mimi nikipita?"

"Itakuona pia, Mtukufu."

Watu wakaguna. Waziri Tindo, mtunza sheria, akanikumbusha kwamba hakuna kitu Mandaraba, chenye uhai au kisicho na uhai, kinachoruhusiwa kumtazama Mfunikwa usoni. Fundi mwenye akili angeeleza kwamba kamera iliyofungwa juu sana huona nywele na mabega tu. Mimi niliinama nikasema wazo la Waziri ni bora kuliko langu, nikaifunga darini, katikati, ikitazama chini moja kwa moja juu ya mtungi. Kisha nikaongeza, bila kuulizwa, kwamba kamera zangu hazikosei.

Siku ya tano tukakusanyika mbele ya kioo cha kamera kutazama. Saa nane mchana, saa ambayo sheria huitaka Mandaraba yote ilale, mlango wa ghala ulifunguliwa. Mlango ule ni mfupi, mtu hapiti na kofia. Kilichoonekana ni kichwa tu: upara wa mviringo, na katikati yake chunjua moja nene kama punje ya hindi. Mkono ukazama mtungini hadi kiwiko, ukatoka, ukazama tena.

"Mimi nina nywele, jamani," alisema Bi Sikudhani, akivuta ushungi wake nyuma. "Si mnaziona?"

"Basi wewe ndiye uliyemfungulia," Waziri akajibu. "Mtaje mwenzako."

Mfunikwa alikasirika mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na imenichukua miaka kuelewa kwamba hakuwa anaigiza. Alichokula yeye hakukiita wizi, maana nyumba ni yake na mtungi umo nyumbani mwake. Na utosi wake hakuwahi kuuona, kama vile mimi nisivyowahi kuuona wangu. Aliamini kwa moyo wote kwamba yupo mwenye upara mwingine anayemmalizia asali. Akaamuru wanaume wote wenye upara wafike uwanjani siku ya saba, wavue kofia, wakaguliwe.

Tulikuwa mia tatu na kumi na wawili. Waziri alipita na kioo cha kukuzia, kichwa kwa kichwa, na alipofika kwangu alinikwaruza kwa ukucha mara mbili kuhakikisha kwamba sijaificha chunjua kwa rangi. Kwa wote hao hakuiona. Jua lilituchoma, na Bi Sikudhani alisimama kando, kamba kiunoni tayari.

"Imetosha," akasema Mfunikwa. "Mshusheni."

Bi Sikudhani hakulia, machozi alikuwa ameyamaliza jikoni. Aliwatazama watoto wake, akatazama rundo la kofia chini, kisha akainua macho.

"Kofia zote zimevuliwa, Mtukufu," alisema kwa sauti ya mtu anayehesabu sahani, "isipokuwa moja."

Waziri akanigeukia haraka. "Fundi! Hiyo kamera yako haiwezi kuwa imekosea? Labda ni kivuli tu?"

Alikuwa ananipa njia ya kutokea, nami nilitaka sana kuipita. Neno moja la "labda" lingenirudisha nyumbani salama, naye Bi Sikudhani angeshuka bondeni. Kinywa kilikuwa kimeshafunguka kulisema, mara mtu nyuma yangu akacheka: "Kamera ya mpapai hiyo!" Wengine wakacheka pia. Nikaona uchungu.

"Kamera zangu hazikosei!" nikapaza sauti.

Leo watu huniita shujaa kwa maneno hayo, nami nawaacha waniite. Yalikuwa majivuno ya fundi aliyechekwa, basi.

Mfunikwa akapandisha mikono yote miwili, akaishika kofia yake. Hakuna aliyemgusa. Hakuna aliyemwambia avue, hatukuwa watu wa namna hiyo. Tulimtazama tu, sote, usoni, kwa mara ya kwanza, na Waziri hakuwa na askari wa kutosha kutufumba macho. Aliyeshika kamba akaiachia. Bi Sikudhani akaifungua mwenyewe kiunoni, akawachukua watoto wake, akarudi jikoni kwa kuwa muda wa chakula ulikuwa umekaribia.

Tangu siku ile Mfunikwa hajaiachia kofia. Analala ameishika, anahutubia ameishika, na kwa kuwa mikono yake yote ina kazi, Bi Sikudhani humlisha uji kwa kijiko mbele ya baraza zima. Kiangazi kilipofika, watoto walipata asali yao.

Mimi Bi Sikudhani hanichangamkii. "Ungeifunga chini kidogo tu, Fundi," aliniambia juzi, "nisingeziishi siku saba zile." Nilimwahidi nitaishusha, na mpaka leo sijaishusha. Kila siku saa nane mchana, Mandaraba ikilala, mimi naketi mbele ya kioo: ghala limefungwa, mtungi umejaa, na darini kamera yangu inamngoja mtu mikono imchoke.