Hema la Klabu Juu ya Nyanya za Cyril

Huku kwetu Pwani ya Magharibi hakuna anayelima bangi. Watu wana nyanya. Na kwa kuwa nyanya halisi hazijawahi kuiva nje kwa mvua hii tangu nizaliwe, ukimsikia mtu akisifia nyanya zake mwezi wa Aprili unajua la kufanya: unatazama pembeni, unauliza habari za kuku.

Mwaka huu zetu zilikuwa tatu, nyuma ya banda la kuku, na zilikuwa na kiburi. Zilipita paa la banda, zikapita kamba ya nguo, na matawi yakanenepa hadi nikayafunga kwenye nguzo kwa soksi zangu ndefu za kuendea kanisani. Mwenyewe ni kaka yangu Cyril. Mimi ni mtumishi. Mgongo wake ulivunjwa na dari la mgodi wa makaa zamani, na ikifika baridi mgongo ule hauna adabu. Asipopata kijiko cha siagi niliyochemshia maua ya hizo nyanya, halali. Na Cyril asipolala hakuna anayelala, kwa sababu anagumia kwa sauti ya mtu anayeita mbwa ng'ambo ya mto. Kwa hiyo pale nyuma ya kuku palisimama usingizi wetu sote wawili wa majira yote ya baridi.

Adui ni mvua. Mmea mkubwa namna hiyo huchelewa kuiva, na ukikaribia tu, mbingu inafunguka. Masuke yake ni manene kama mkono wa mtoto, yanashika maji ndani, na kuvu ya kijivu inaanzia katikati, kule usikokuona. Ndiyo maana kila asubuhi unavaa gambuti, unachukua mpini wa ufagio, unatikisa tawi baada ya tawi huku maji yakikuingia shingoni. Nilitikisa hadi kuinua kikombe cha chai kukawa kazi ya watu wawili.

"Cyril, tukate," nikamwambia.

"Bado hayajaiva. Ukikata sasa utanilisha majani kama mbuzi."

"Mbuzi angalau anapanda mlima. Wewe ngazi ya jikoni inakushinda."

"Siku chache tu, dada yangu. Tungekuwa na kitu cha kufunikia..." Akanitazama kwa yale macho ya mtoto wa mwisho.

Alijua ninacho. Mimi ni mtunza vifaa wa klabu yetu ya wazee, wale wanaoviringisha mipira kwenye nyasi na kununiana. Hema jeupe la klabu, lenye kuta nne za nailoni na zipu, lilikuwa limekunjwa kwenye gereji yangu. Helikopta ya polisi ya kutafuta nyanya ilishapita Februari, haingerudi. Basi tukalisimamisha, maana yake mimi nikalisimamisha na Cyril akatoa amri akiwa kitini. Tuliinamisha vilele, mimea miwili ikaenea. Wa tatu ukabaki nje kwenye upepo, ukininung'unikia. Nikafunga zipu zote. Tangu hapo nikawa natikisa mmoja tu, na mabega yangu yakamshukuru Mungu.

Kisha Clarrie akafa. Alikuwa mume wa Avis, na Avis ndiye anayenishinda kwenye mchezo wa klabu kila mwaka, tena bila kutabasamu. Akapiga simu.

"Noeline, ukumbi hautatosha watu wa mazishi. Nitahitaji lile hema Ijumaa, tuweke vyakula."

"Ole wangu, Avis. Limepasuka. Posamu wa msituni wamelichana vibaya kwa kucha."

"Sawa," akasema.

Cyril alinisikia. "Umemdanganya mjane," akasema.

"Nimemdanganya kwa ajili ya mgongo wako. Nyamaza ule uji."

Asubuhi iliyofuata Avis akasimama mlangoni kwangu, gambuti miguuni, mkebe wa kushonea mkononi.

"Wewe bibi, mumeo hajazikwa, unatafuta nini huku?"

"Nimekuja kushona hema. Nyumba yangu imejaa watu wa kunishika mkono. Nipe kitu cha kushona kabla sijamchoma mtu sindano."

Nikamwambia aingie anywe chai kwanza. Nikamwambia keki iko tayari, na keki sikuwa nayo. Avis alizunguka banda la kuku kama mtu anayefuata harufu, na kweli ndivyo ilivyokuwa. Nikamkuta amesimama mbele ya hema, mikono kiunoni.

"Mbona zima?"

"Limepona."

Akavuta zipu. Mvuke ukatupiga usoni kama tumefunua sufuria. Ndani matone yalining'inia kwenye dari, na mimea ile miwili ilikuwa mizuri ajabu, imenona, inameremeta. Avis akashika suke nene kuliko yote, akalipasua kwa vidole gumba. Katikati palikuwa na kuvu, kama majivu. Akapasua la pili, majivu. La tatu likatoa vumbi, akapiga chafya.

"Nani alifunga hizi kuta?"

"Mimi. Si mvua hiyo?"

"Clarrie alikuwa akisema, afadhali zilowe zipigwe na upepo kuliko zikae kavu hazipumui. Umezifungia kama keki kwenye mkebe, Noeline. Zimetokota kwa jasho lao wenyewe."

Cyril alikuwa amekuja na fimbo yake. Akajishusha polepole kwenye ndoo, akatazama. Nilingoja anitukane, ningefurahi.

"Sasa nitalala lini?" akauliza. Wala hakuwa ananiuliza mimi.

Avis akatoka nje, akauendea ule wa tatu, uliokondeana kwa kupigwa na upepo. Akapasua hapa, akapasua pale. Kijani kitupu, na vidole vyake vikanata.

"Huu mzima. Lakini ukate leo, mvua nyingine inakuja."

Tukakata. Tulikaa jikoni watatu, tukipunguza majani kwa mikasi ya kushonea ya Avis, na matawi tukayatundika yakauke juu ya beseni la kuogea na ndani ya kabati la tangi la maji moto. Vidole viliuma. Avis akasema bila kuinua kichwa:

"Tangu Clarrie alazwe sijalala. Daktari kanipa vidonge, nikivimeza namwona mama mkwe."

"Anasemaje?"

"Yale yale, kwamba nyama ninayopika ni ngumu."

Cyril akacheka hadi akashika mgongo. Avis akaendelea kukata. Hakuomba kitu, na hilo ndilo lililoniudhi. Angeomba ningemnyima, nina mazoezi ya miaka mingi. Mmea ule mmoja, uliokonda vile, ulikuwa unamtosha Cyril tu, tena kwa kubana. Nikajifanya natafuta sahani.

"Dada," Cyril akasema, "chupa ya siagi ya Avis itakuwa ipi?"

Nikashusha chupa mbili kutoka rafuni, za ukubwa mmoja.

Ijumaa hema lilisimama uani kwa ukumbi, kuta zote zimekunjwa juu, upepo unapita. Nilikuwa nimelisugua kwa sabuni na siki, lakini nailoni haisahau. Askari wetu, Darryl, alisimama chini yake na mkate wake wa mayai, akanusa, akanusa tena.

"Mama Noeline, hili hema linanuka nini?"

"Nyanya, mwanangu. Marehemu alizipenda sana."

Akatafuna. Akamtazama Avis, ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa sababu za kawaida. Kisha akatazama pembeni, kwenye mvua.

"Na kuku wako hawajambo?"

"Wanataga," nikamwambia.

Watu walipoondoka nikaanza kung'oa vigingi, kwa kuwa mtunza vifaa ni mimi. Cyril alinishikia mwavuli, vibaya. Sote wawili tulijua kwamba baridi ikifika katikati chupa yake itakuwa tupu, naye ataanza tena kuita yule mbwa wake.